Matembezi ya Ghorepani na Poon Hill, Nepal: tathmini ya safari yetu pamoja na mama, watoto na marafiki

Sisi wa Moshi tumezoea kuwapokea wageni wanaokuja kupanda mlima wetu, na ni nadra mmoja wetu kufunga mizigo na kwenda kuwa mgeni kwenye milima ya watu wengine. Mwezi wa Aprili tulifanya hivyo. Tulikuwa watu tisa: mimi, mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 64, mume wangu, wanetu wawili wa miaka 15 na 9, mdogo wangu wa kike, na marafiki wetu wawili, mtu na mkewe, waliofuatana na binti yao wa miaka 14. Tulichagua njia ya Ghorepani na Poon Hill, iliyomo katika Eneo la Hifadhi la Annapurna, kaskazini-magharibi ya mji wa Pokhara nchini Nepal. Nimeona ni vyema kuandika kwa kirefu, kwa sababu karibu kila maelezo niliyoyasoma kabla ya kuondoka yaliandikwa na vijana wenye magoti mazima wanaotembea wawili wawili, ilhali mimi nilitaka kujua jambo moja tu: je, huduma za njia ile zinamfaa bibi na mjukuu wake kwa wakati mmoja?

Watu wengi wakisikia Himalaya hufikiria kambi ya chini ya Everest, na hata mume wangu ndiyo aliyoitaka mwanzoni. Njia hiyo huchukua takriban siku 12, wageni hulala kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,900, na safari yenyewe huanza kwa ndege kutua Lukla, kwenye uwanja wenye njia ya kurukia isiyozidi mita 530 iliyojengwa kwenye mteremko. Kwa mtoto wa miaka tisa na mama mwenye goti linalomsumbua, niliikataa bila kujadili sana. Poon Hill ina mwinuko wa mita 3,210. Kwa anayeijua Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni katikati ya Mandara na Horombo, mahali ambapo watu wengi hufika na kichwa kikiuma kidogo tu au kisiume kabisa, mradi wasiende mbio.

Safari tuliinunua kwa kampuni moja ya Kathmandu, ambayo sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko nayo, na malalamiko hayo tumekwisha kuyamaliza baina yetu. Tulilipa dola 390 kwa kila mtu mzima, na kidogo pungufu kwa watoto, kwa siku tano za matembezi pamoja na usafiri kutoka Pokhara, vyumba, milo mitatu kwa siku, vibali, mwongozaji mkuu, mwongozaji msaidizi na wapagazi wanne. Kibali cha kuingia hifadhini ni rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni asiyetoka nchi jirani za Asia ya Kusini. Tangu Aprili 2023 mamlaka za utalii za nchi hiyo zimeagiza kwamba mgeni asiende kwenye njia za milimani bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo anayedhani ataokoa fedha kwa kwenda peke yake ajue hivyo mapema. Viza tuliipata uwanja wa ndege wa Kathmandu tulipowasili kutokea Doha, kwa dola 30 za siku 15. Saa za kule zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa mbili na dakika 45, na zile dakika 45 ziliwasumbua watoto vichwani kwa siku nzima ya kwanza.

Tatizo lilijitokeza Nayapul, mahali barabara kuu inapoachwa. Mwongozaji mkuu alikuwepo, kijana mtulivu wa kabila la Wagurung aliyezaliwa wilaya hiyo hiyo, lakini msaidizi wake hakuwepo, na wapagazi walikuwa watatu badala ya wanne. Tukaambiwa kwamba mmoja ameugua na kwamba hao watatu wanatosha. Nilitazama jinsi mizigo ilivyokuwa ikifungwa. Mabegi yetu matatu makubwa yalifungwa pamoja kwa kamba, kisha kamba ikaunganishwa na ukanda mpana wa kusuka ambao Wanepali huuita namlo. Ukanda huo mpagazi huuvalia juu ya paji la uso, uzito wote ukashikiliwa na shingo na mgongo. Kijana aliyepewa furushi lile alichuchumaa, akaupanga ukanda usawa wa nywele, akaegemea mbele na kuinuka kwa kusukuma magoti kwa mikono yake miwili. Alipofika wima, mishipa ya shingo ilikuwa imesimama na ukanda umekwisha kuchora mstari kwenye ngozi.

Mume wangu aliwahi kufanya kazi mlimani miaka ya ujana wake. Kwetu mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani langoni, na kilo 20 ndiyo kikomo. Alimwomba yule kijana ateremshe furushi, akaliinua mwenyewe, akasema kwamba halipungui kilo 35. Hatukukuta mizani, wala hatukuhitaji. Shirika la kimataifa linalotetea wapagazi limependekeza kikomo cha kilo 30 kwa Nepal, ambacho kwangu bado ni kikubwa, na furushi hili lilikuwa limekivuka kabla hatujapiga hatua moja. Tulifungua mabegi palepale kando ya duka la soda, tukaacha Nayapul karibu robo ya vitu vyetu, na kila mtu mzima akabeba begi lake la mgongoni lililojaa. Mwongozaji alituunga mkono waziwazi. Yeye hakuwa na kosa. Hesabu ya watu ilikuwa imepangwa ofisini, na nyongeza ya faida ya ofisi ilitolewa kwenye shingo ya kijana yule. Hili nimeliandika kwa kirefu kwa sababu mgeni hulipa kwa kadi akiwa nyumbani, na haoni mzigo unavyofungwa. Inampasa aamke mapema siku ya kwanza akauone.

Kutoka Nayapul tulipita Birethanti, ambako vibali hukaguliwa, tukafuata mto hadi Tikhedhunga, mita 1,540, tukalala. Siku hiyo ni nyepesi na sina la kuongeza.

Siku ya pili ni ngazi. Kutoka Tikhedhunga hadi kijiji cha Ulleri kuna ngazi za mawe zaidi ya 3,000, mawe yaliyopangwa kwa mikono na kulainishwa na nyayo za watu na kwato za baghala wanaopandisha mitungi ya gesi, mchele na simenti. Ukisikia kengele zao, jibane upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Siku hizi jipu hufika hadi Ulleri, na kampuni nyingi huanzia hapo. Mama alipewa nafasi ya kupanda gari akaikataa, akasema hakuvuka bahari ili apande gari. Basi tukapanda naye. Mwongozaji alikuwa akirudia maneno mawili, "bistari, bistari", na mama alipouliza maana yake akaambiwa ni "pole pole", alicheka hadi akakaa chini.

Tulichokifurahia kuliko vyote kwenye ngazi zile ni vipumziko vyake. Kila baada ya mwendo fulani kuna jukwaa la mawe, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa kivuli, ambalo huitwa chautari. Lina ngazi mbili: ya chini ni ya kukalia, na ya juu iko usawa wa kiuno cha mtu mzima, ili mpagazi arudi kinyumenyume na kuutua mzigo bila kuchuchumaa, kisha auchukue tena bila kuuinua kutoka ardhini. Wanakijiji huyajenga majukwaa hayo kama sadaka, mara nyingi kwa kumkumbuka marehemu wao. Mama alikaa kwenye kila moja tulilolipita. Mimi nilikuwa nikiliangalia jiwe la juu, lilivyolika katikati mahali migongo na mafurushi ya watu yamegusa kwa miaka mingi.

Ni kwenye ngazi hizo pia ambapo kukosekana kwa mwongozaji msaidizi kulitugharimu. Mwongozaji alibaki nyuma na mama, kama ilivyompasa. Mwanangu mkubwa na binti wa marafiki zetu walitangulia, wakafika Ulleri, na kwenye njia panda katikati ya nyumba wakashika njia ya mashambani. Tulipofika sisi hatukuwaona. Kwa dakika 40 nilizunguka kijiji kile nikiita, huku moyo ukinidunda, hadi mama mmoja mwenye tenga la majani ya ng'ombe mgongoni alipowaleta akiwa amewashika mikono wote wawili kama watoto wadogo. Hawakudhurika na hawakuwa mbali. Hata hivyo, msaidizi tuliyemlipia angekuwa mbele pamoja nao.

Jioni hiyo mwongozaji alifanya uamuzi ambao unaniwezesha kuisifu safari hii. Ratiba ilisema tulale Ghorepani, mita 2,860, yaani kupanda zaidi ya mita 1,300 kwa siku moja. Alimtazama mama akishuka ngazi mbili za mgahawa kwa kushika ukuta, akatuambia kwamba tutalala Banthanti, nusu ya njia, na safari itakuwa ya siku sita. Aliita nyumba ya wageni kwa simu, vyumba vikapatikana. Kisha akaipigia ofisi mbele yetu, na mume wangu akazungumza nao juu ya msaidizi na mpagazi wa nne. Ofisi ilidai dola 25 kwa kila mtu kwa siku ya ziada, tukakubali. Nayo ikaahidi kuwaleta watu waliopungua. Kesho yake mchana walitukuta Ghorepani, msaidizi na mpagazi, wakiwa wamekuja kwa jipu hadi Ulleri na kumalizia kwa miguu. Tangu hapo mpangilio ulikuwa kama tulivyouziwa: mmoja mbele na vijana, mmoja nyuma na mama.

Uhuru huo wa kubadili ratiba njiani hautokani na kampuni, bali na nyumba za wageni zenyewe, na ndiyo tofauti kubwa na mlima wetu, ambako chakula na mahema hubebwa na kila siku imekwisha kupangiwa kambi yake. Njia ya Poon Hill hupita vijijini. Kila baada ya saa moja au mbili za mwendo kuna nyumba yenye vyumba, jiko na sebule, inayoendeshwa na familia. Vyumba ni vya mbao nyembamba, vitanda viwili vyenye godoro, mto na blanketi zito. Kikohozi cha jirani utakisikia. Mifuko ya kulalia tuliyokodi Pokhara ilitufaa sana Ghorepani na Tadapani. Sebuleni huwa na jiko la kuni la pipa, nguo zenye unyevu zikining'inia juu yake, na wageni wa mataifa yote wakilizunguka. Maji ya moto ya kuoga, chaji ya simu na intaneti hulipiwa kando katika nyumba nyingi, na bei ya kila kitu hupanda kadiri unavyopanda, jambo ambalo ni haki ukikumbuka wale baghala. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Mwenye wazazi wenye matatizo ya magoti aombe mapema chumba chenye choo cha kukalia. Ghorepani na Ghandruk vinapatikana, Banthanti hatukukipata, na mama aliteseka.

Chakula nakipa alama za juu. Dal bhat, yaani wali, mchuzi wa dengu, mboga za majani, viazi vya viungo na achari, huongezwa mara ya pili bila malipo, na ndicho wanachokula waongozaji na wapagazi asubuhi na jioni. Wanangu walipenda mkate wa Kigurung, unga uliokandwa na kukaangwa hadi ukaumuka, ambao mdogo wangu aliuita andazi lililosoma. Makosa tuliyafanya sisi wenyewe tulipoagiza piza na makaroni kwa ajili ya watoto: vilichelewa, vilikuwa ghali, na havikuwa vizuri. Kuleni wanachokula wenyeji.

Asubuhi ya Poon Hill tuliamshwa saa kumi usiku. Kutoka Ghorepani ni takriban saa moja ya kupanda gizani, msururu mrefu wa tochi za kichwani, na sitaficha kwamba watu ni wengi sana mwezi wa Aprili. Mama hakuja; alibaki na mpagazi mmoja kando ya jiko, na baadaye alituambia kwamba kutoka dirisha la sebule aliuona mlima wa Dhaulagiri wote bila kuvaa glavu. Juu kuna mnara wa kutazamia na kibanda cha chai. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akilia kwa baridi ya vidole. Mwongozaji msaidizi alimvua glavu, akamshikisha kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono mitupu, akaifunika mikono yake kwa ya kwake hadi kilio kikakoma. Kisha jua likagusa ncha ya Dhaulagiri, mita 8,167, kwa rangi ya papai lililoiva, likateremka polepole ukutani mwa theluji wakati sisi bado tumo gizani. Upande wa pili wa bonde la mto Kali Gandaki ilikuwepo safu ya Annapurna, ambayo kilele chake kikuu cha mita 8,091 kilikuwa cha kwanza kati ya vilele vya zaidi ya mita 8,000 kufikiwa na binadamu, tarehe 3 Juni 1950, na Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal. Kushoto yako na kulia kwako kuna milima inayoizidi Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 2,000. Mume wangu, ambaye amesimama Uhuru mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, alinyamaza kimya. Kufikia saa nne asubuhi mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, kwa hiyo asije mtu akalala hadi kuche akitarajia kuiona milima baada ya kifungua kinywa.

Kutoka Ghorepani kwenda Tadapani unapita msitu wa laliguras, mti ambao ua lake jekundu ndilo ua la taifa la Nepal. Huchanua Machi na Aprili, na sisi tulikuta maua yameanza kudondoka, njia ikiwa imetandikwa petali. Mchana kulinyesha mvua ya mawe kwa nusu saa. Nguo za mvua ziwe kwenye begi la mgongoni, zisiwe kwenye furushi la mpagazi aliyetangulia. Sisi tulijifunza hivyo tukiwa tumelowa.

Ghandruk ningeipa usiku mbili kama ningerudi. Ni kijiji kikubwa cha Wagurung chenye mapaa ya vigae vya mawe, kinachotazamana na Machapuchare, mlima wa mita 6,993 wenye ncha iliyogawanyika kama mkia wa samaki, ambao kwa heshima ya dini hauruhusiwi kupandwa. Waingereza waliojaribu mwaka 1957 walisimama karibu na kilele na hawakukikanyaga. Kiongozi wao, James Roberts, ndiye aliyeanzisha kampuni ya kwanza ya matembezi nchini Nepal mwaka 1964, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wanawake watatu kutoka Marekani. Nilimsimulia mama habari hiyo akafurahi sana.

Jioni ile mwenye nyumba alituuliza kama tungependa kuonja dhindo. Ikaja sahani ya shaba yenye ugali wa ulezi, mweusi, unaonata, pamoja na mchuzi wa kuku wa kienyeji na mboga. Mama alinawa, akamega tonge, akalifinyanga, akabonyeza kwa dole gumba na kuchota mchuzi. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akamtazama, kisha akamwita mkewe aje aone. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja, lakini kwa saa nzima walizungumza kwa mikono juu ya ulezi: unavyopandwa, unavyosagwa, na pombe inayotokana nao, ambayo mama aliilinganisha na mbege. Mwongozaji wetu alikuwa amejifunza kumwamkia kila asubuhi "Shikamoo, mama", naye akamfundisha kwamba kwao mama huitwa "aama", kaka mkubwa "dai" na dada mkubwa "didi", na kwamba mgeni anayetumia majina hayo badala ya kuita tu hupokewa vingine kabisa. Ni kweli. Watoto wetu waliyatumia tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu wale wawili waliopotea Ulleri waliweza kumwita yule mama wa majani.

Kuhusu afya, hakuna aliyeugua kwa sababu ya mwinuko. Mimi na rafiki yangu tuliumwa kichwa usiku wa Ghorepani, kikapona asubuhi. Maji tuliyatibu kwa vidonge au tukanunua yaliyochemshwa. Kilichotuumiza ni kushuka. Ngazi za mteremko wa kuingia Ghandruk ni kali kwa magoti kuliko kupanda kwa siku ya pili, na bila fimbo mbili za kutembelea mama asingemaliza. Siku ya sita tulipanda jipu hadi Pokhara, na kila mpagazi tulimpa bahasha yake mkononi, hatukumkabidhi mtu mwingine awagawie.

Njia yenyewe na nyumba zake za wageni nazipendekeza kwa familia yoyote yenye mtoto anayeweza kutembea saa tano na mzee anayeweza kupanda ngazi za ghorofa nne bila kusimama, kwa sharti la siku sita na si tano. Kwa mwongozaji wetu na msaidizi wake sina cha kupunguza. Kampuni naipa alama tatu kati ya tano. Nilipowaandikia, walikiri kwa maandishi kwamba watu walipungua, na baada ya wiki tatu wakarudisha gharama ya msaidizi na mpagazi kwa siku ambazo hawakuwepo. Nimeshawajibu kwamba tutawatumia tena mwezi wa Oktoba mwakani, marafiki zetu wakiwa na wazazi wao pia. Katika mkataba mpya tumeandika idadi ya wapagazi, kilo 20 kwa kila mmoja, na kwamba mizigo itapimwa mbele yetu kabla ya kuondoka Pokhara. Mizani ya kuning'iniza tutakwenda nayo sisi wenyewe.